Mpunga Unatosha Cheti Kimoja

Levina,

Uji uko kwenye chupa. Baba yako akirudi kutoka shamba letu la kijijini Mbingu, mpashie moto yale maharage, na usimwambie kwamba tuligombana.

Asubuhi uliposema tuuze mpunga ukasome chuoni Morogoro, nilikuambia cheti cha kompyuta ni karatasi ya kubandika ukutani, maana hapa Ifakara kompyuta zenyewe ziko wapi? Nawe ukanijibu, "Mama, taipureta yako imeshapitwa na wakati." Niliinuka nikaacha chai kwa sababu umesema kweli. Wiki iliyopita wameleta kompyuta ofisini kwetu. Mimi, niliyepiga chapa pale tangu hujazaliwa, nimepewa kazi ya kuifunika kitambaa isiingie vumbi. Bosi amesema mwakani atabaki mwenye cheti.

Kwa hiyo sikuwa nauonea uchungu mpunga. Hicho chuo cha Morogoro nilikuwa nakitaka mimi, na mpunga ulioko stoo unatosha kumsomesha mtu mmoja.

~~Mnunuzi akija, mwambie hatuuzi.~~

Yule mnunuzi wa Kiberege akija, muuzie. Simama pale pale anapojaza magunia, asikufungie lumbesa za kupita kipimo. Cheti utakitumia miaka mingi kuliko mimi. Ila usijidanganye kwamba ukishuka basi la kurudi, kazi itakuwa inakungoja stendi.

Gunia moja la mbegu usiliuze. Mwakani huenda nikawa mkulima tu.

Mama yako