Bega Lililosingiziwa

Mkumbi, Jumanne jioni

Kumbe bega langu halina kosa! Na mganga alishalichanja mara tatu, akasugua dawa, likabaki na chale kama gunzi la mahindi.

Leo hospitalini, daktari kijana anayefanya utafiti wa maumivu kanipa picha ya mtu aliye uchi nitie alama panaponiuma. Nikatia begani, kisha nikamchorea kofia, maana alitia huruma.

"Mzee, ugonjwa uko kwenye nyongo," akasema. "Mishipa ya fahamu ya huko ndani na ya bega inaingia kwenye uti wa mgongo mahali pamoja, ubongo unachanganyikiwa."

Basi hata nyongo imeingia soko huria: inaugua tumboni, maumivu inauza begani!

Nilicheka mpaka aliposema Jumatatu nipasuliwe. Naogopa kisu, sifichi. Wakishanilaza usingizi, nani ajuaye kama...

Nyumbani nimemwambia mke wangu, "Ni bega tu, watanichua."

"Baba Kandidi, tangu urudi hujamtania mtu hata mmoja," akajibu. "Wanakupasua lini?"

"Jumatatu," nikasema.