Bingwa wa Dunia Anayesema Pole

Jumamosi jioni, Muheto. Asubuhi mvua, mchana jua la kukausha shati mgongoni, na sasa ukungu umeshuka mpaka kwenye zizi. Ng'ombe siwaoni, nawasikia tu. Nimepanda huku nyuma ya kibanda changu cha jibini, mahali pekee ambapo simu inashika mtandao, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Moyo wangu ni mwepesi. Mgongo ndio hauko mwepesi, lakini huo nitauzungumzia siku nyingine.

Wiki iliyopita niliuliza hapa swali: nani atakuwa nyota mkubwa wa ngumi duniani baada ya hawa tulionao? Wasomaji wangu wote mlijibu, yaani watu wanaotosha kujaa kwenye benchi moja, ukimhesabu na dada yangu wa Bukavu ambaye hajawahi kutazama pambano mpaka mwisho. Mmoja akasema ni wale vijana wa Uzbekistan wanaorudi kwao na medali kila mara. Mwingine akasema atakuwa Mjapani, kwa sababu Mjapani hana papara. Kuna aliyeshikilia kwamba lazima awe wa uzito wa juu, kwa kuwa dunia inapenda kuona mtu mkubwa akianguka.

Mimi nikaandika: Solange wa Muheto, mkamua ng'ombe.

Mkanicheka. Dada yangu alituma zile sura ndogo zinazolia kwa kicheko, safu nzima.

Basi leo nimetoka Lushebere, na bado naliandika jina lile lile.

Kwa mgeni aliyepita hapa kwa bahati mbaya: natengeneza jibini, na ujanani nilipigana ngumi Goma. Mapambano matatu. Nilishinda moja, na hilo ni kwa sababu mama wa mpinzani wangu alikuja kumchukua kabla kengele haijagongwa. Huo ndio ujuzi wote ninaoufundishia. Gunia la mazoezi nimelijaza unga wa mbao na kulitundika kwenye mkaratusi, na glavu mbili kuukuu nilizotoka nazo Goma zimeshonwa na fundi viatu.

Solange ana miaka kumi na minane. Familia yake ndiyo inayoniletea maziwa. Tangu akiwa mdogo anakamua asubuhi na jioni, na mikono yake ina nguvu ambayo sikuwahi kuwa nayo hata nilipokuwa na tumbo bapa. Lakini siyo mikono iliyonifanya nimwite kwenye gunia. Ni Bihogo.

Bihogo ni ng'ombe wao mwekundu, mwenye maziwa mengi na roho mbaya. Anapiga teke bila kutoa taarifa. Siku moja nilisimama langoni nikisubiri maziwa, nikaona ule mguu ukiruka, na Solange, bila kuinua macho, akasogeza kichwa pembeni kidogo tu, kama mtu anayempisha inzi. Kisha akaendelea kukamua. Tone halikumwagika.

Nilijisemea, huyu amefundishwa kukwepa na mwalimu asiye na huruma.

Kasoro yake ilikuwa moja, nayo niliigundua siku ya kwanza nilipovaa mikononi magodoro ya kupokelea ngumi ili anipige. Akanipiga mbavuni, pumzi ikanitoka, na yeye akashusha mikono yote miwili akasema, "Pole, Papa."

Nikamwambia hakuna pole kwenye ngumi. Akasema sawa. Akanipiga tena, akashusha mikono, akasema pole ya kusema pole.

Msimcheke. Mnajua tulivyo huku. Mtu akijikwaa ng'ambo ya bonde, mkulima anaacha jembe lake na kupaza sauti, pole. Sembuse umempiga mwenyewe kwa mkono wako. Tatizo ni kwamba mpinzani hangoji mwisho wa salamu. Katika majaribio yake yote, Solange alikuwa anapigwa wakati mmoja tu, anapoomba radhi.

Nilijaribu kumfundisha ukali. Nilimwambia amwangalie mpinzani kama mwizi wa ng'ombe. Akanikunjia uso vizuri, nikaogopa kidogo, kisha akauliza kama macho yangu yanauma kwa sababu nilikuwa nayapepesa.

Halafu akaja Coach Dieumerci. Huyu ana klabu Goma, klabu ya kweli yenye ulingo wa mbao, na anazunguka milimani kutafuta wasichana wa kuwapeleka kwenye mashindano ya taifa. Alimtazama Solange kwenye gunia mpaka alipomaliza. Kisha akanivuta kando, nyuma ya mkaratusi.

"Papa Jérémie, huyu mutoto iko na kila kitu," aliniambia. "Lakini ile pole yake itamumaliza. Nikisikia tena pole mu ulingo, simubebe."

Nilikimbilia kwa Mama Solange na habari nzuri, nikiiweka mbele ile ya Goma na kuificha nyuma ile ya pole. Mama Solange si mtu wa kufichwa kitu. Anajua maziwa yaliyotiwa maji kwa kuyatazama tu, sembuse mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akisugua chombo cha maziwa.

"Aende," alisema. "Lakini akizoea mambo ya kupiga batu bila kusema pole, arudi hapa hapa kwa ng'ombe. Sikuzaa mutoto juu akose heshima."

Ndivyo nilivyojikuta katikati. Kocha hamchukui akisema pole, na mama hamruhusu akiacha. Kwa majuma kadhaa nimelala vibaya, mke wangu ni shahidi, anasema nilikuwa narusha ngumi usingizini. Zote zilikosa.

Nilimweleza Solange mwenyewe yote mawili, bila kupunguza. Alikwenda kukamua.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Bweni la klabu lina kitanda kimoja tu kilicho wazi, na Coach aliwaalika wasichana wawili wapigane raundi tatu kiwanjani Lushebere, yeye atazame na kuamua. Mpinzani alikuwa Deborah, msichana wa watu wa Walikale wanaoishi pale kwenye kambi ya waliokimbia vita. Kwao alikuwa akibeba madumu ya mawese kwenye njia za msituni, na shingo yake inaonyesha. Nilipomwona akiruka kamba kujipasha moto nilitamani kumwambia Solange turudi nyumbani, nikakumbuka kwamba mimi ndiye kocha.

Ulingo ulikuwa nguzo nne za mikaratusi na kamba zilizoazimwa kwa wafugaji. Zilinuka zizi. Kengele ilikuwa rimu ya gari na kipande cha nondo. Kambi nzima ilikuwa imekuja, na Mama Solange alisimama mbele kabisa, kitenge kimefungwa imara, dumu la mashanza miguuni. Mashanza ni maziwa yetu ya mgando, na nadhani aliyaleta ili kama mambo yakiharibika angalau watu wanywe.

Wakati namfunga glavu, Solange aliniinamia sikioni.

"Papa, nitazibakisha."

"Utabakisha nini?"

"Zile pole."

Rimu ikagongwa kabla sijaelewa.

Raundi ya kwanza walichunguzana. Kisha Solange akapitisha mkono wa kushoto, ukamkuta Deborah shavuni sawasawa. Nilimtazama mdomo. Niliuona ukifunguka. Mikono ikaanza kushuka, moyo wangu ukashuka nayo. Halafu mdomo ukafungwa, na mikono ikarudi juu.

Sijawahi kushangilia mdomo uliofungwa namna ile.

Raundi ya pili ilikuwa ya Deborah. Yule mtoto anapiga kama anayeshusha mzigo. Ngumi moja ilimpata Solange puani, na hapo ikatokea aibu ambayo Coach Dieumerci ataisimulia mpaka uzeeni: kiwanja kizima, akina mama, wazee, wauza maandazi, tulisema kwa sauti moja, "Pole." Mama Solange aliisema. Mimi niliisema, tena karibu nijitupe ndani ya kamba. Hata mgonga rimu alisema. Kocha alijifunika uso kwa kofia yake. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba ugonjwa haukuwa wa Solange peke yake.

Solange alikuja kwenye kona akitoka damu kidogo. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilimpa maji, nikamwambia, "Bihogo."

Akaitikia kwa kichwa.

Raundi ya tatu nitaikumbuka nikiwa sina meno. Deborah alikuja na ule mkono wake wa mzigo, na Solange akasogeza kichwa pembeni kidogo tu, kama mtu anayempisha inzi. Mkono ukapita hewani. Akampiga tumboni, akampiga begani, akampiga shavuni tena, na Deborah akakalia kamba za ng'ombe kama mtu aliyechoka safari. Angeweza kumfuata pale pale. Alirudi nyuma hatua, mikono juu, akangoja asimame vizuri. Deborah akasimama, wakaendelea, mpaka rimu ilipogongwa.

Mwamuzi alitaka kumnyanyua mkono. Mkono haukuwepo. Solange alikuwa ameshavuka ulingo, yuko kwenye kona ya Deborah, amechuchumaa mbele ya kigoda chake kama anayekamua.

Watu wakasogelea kamba ili wasikie.

"Pole ya shavu," alisema. "Pole ya bega. Pole ya shavu tena, ile ya mwisho."

Deborah alikuwa na taulo kichwani. Akalisogeza kidogo, jicho moja likatokea.

"Umesahau moja," akasema. "Ile ya tumbo."

"Eh. Pole ya tumbo."

"Na weye pole ya pua."

Wakaanza kucheka, yule mwenye damu na yule mwenye taulo, na kicheko kikatoka ndani ya kamba kikazunguka kiwanja chote. Mama Solange aliinama, akamimina mashanza kwenye kikombe kimoja, akampa Deborah kwanza.

Coach Dieumerci alisimama pale akikunja na kukunjua kofia yake. Nilimsogelea kumkumbusha kwamba kengele ilikuwa imeshagongwa, kwa hiyo kisheria ile haikuwa pole ya ulingoni. Nilikuwa tayari kubishana. Hakubishana. Alisema ameona mabondia wakisukumana, wakitemeana mate, wakitukanana ukoo mzima, na hili hajaliona bado. Kisha akaenda mwenyewe kwa Mama Solange, akavua kofia ingawa tayari ilikuwa mkononi, akaomba mtoto.

Mama Solange alimtazama binti yake, akampangusa pua kwa ncha ya kitenge. Kuhusu heshima hakusema kitu tena. Aliuliza jambo jingine.

"Na nani atakamua?"

Baba Solange anaumwa magoti. Wadogo zake wanasoma. Na Bihogo hakubali mtu yeyote.

Nikasikia sauti ya mwanamume mjinga ikisema, mimi.

Ilikuwa yangu.

Kwa hiyo Solange anaondoka Jumatatu, barabara ikiwa nzuri. Deborah naye hakuachwa hivi hivi. Kocha amemwambia kitanda cha pili kikipatikana ni chake, na mpaka hapo afanye mazoezi na yule mzee wa jibini wa Muheto. Mzee! Nimeshonesha tena magodoro. Mbavu zangu zimeshapata habari.

Najua mtakachoandika hapo chini. Kwamba pambano moja la raundi tatu kwenye matope ya Lushebere si ubingwa wa dunia. Kweli. Kwamba wale wa Uzbekistan wana makocha, madaktari, chakula kilichopimwa. Kweli pia. Solange anaweza kupoteza pambano lake la kwanza Goma na kurudi nyumbani kwa pikipiki ya kwanza. Nimeliwaza hilo njia nzima tukirudi, nimebanwa nyuma ya pikipiki na mfuko wa glavu.

Lakini mabingwa wenye ngumi nzito dunia inao wengi. Nawaona kwenye simu, wanapindua meza mbele ya waandishi wa habari na kuahidiana jeneza. Namfikiria Solange kwenye ile meza, taa zinammulika usoni, anaulizwa atamfanya nini mpinzani wake, naye anajibu kwa sauti yake ile ndogo kwamba atampiga vizuri, na kengele ikigongwa atakwenda kumpa pole, moja moja, bila kusahau. Niambieni kama hamtatazama. Hata dada yangu atatazama mpaka mwisho.

Na kuna jambo jingine. Milima hii imepigwa miaka mingi, na sikumbuki aliyewahi kuvuka akaja kwenye kona yetu kusema pole. Leo pale kambini niliwaona watu wazima wakifuta macho kwa sababu ya wasichana wawili na kikombe cha maziwa. Nilijifanya ni moshi wa maandazi. Kila mtu alijifanya hivyo.

Nitakuwa nimekosea? Huenda. Nilikosea pia nilipofikiri naweza kuwa bondia, na ona, kosa lile ndilo lililonifikisha kwenye kamba za leo.

Betri inakwisha, na ukungu umeanza kuloweka ndoo. Kesho kabla ya misa nina somo la kwanza, Solange atanionyesha namna ya kukaa, namna ya kushika, na upande wa kuchungulia mguu. Nimejifunza kwake mengi wiki hizi, lakini kichwa changu hakiendi pembeni upesi kama chake.

Bihogo atanipiga, hilo nalijua. Na yeye hana desturi ya kurudi kusema pole.