Mbao za Gracia na Muzee wa Pori

CHAMA CHA WACHEZAJI «SIMBA WA ZIWA», KALEMIE
KUMB. NA. 4/2017, kikao cha haraka
Siku ya Mungu, 12 Novemba 2017, saa tisa mchana, kwenye cyber ya Mama Hortense, karibu na bandari.

Waliokuwepo: Papa Rachidi, mwenyekiti, Mama Hortense, mulinzi wa gala letu ndani ya muchezo wa kompyuta, Guelord, mupwa wa katibu, Gracia, na Papa Zahoro, katibu mwenyewe, aliyeua joka la kwanza la chama hiki kwa panga moja. (Guelord alisema lilikuwa limekwisha kufa. Iandikwe kwamba halikuwa limekufa vizuri.)

Hakuwepo: Norbert, amefuata samaki huko Zongwe. Mutu wake wa kwenye muchezo angali amesimama mutoni.

1. KUFUNGUA
Mwenyekiti alisema jenereta ina mafuta kidogo, maneno yawe mafupi. Alimuangalia katibu. Sababu haikuelezwa.

2. MBAO
Mwenyekiti alikumbusha kwamba kiwanja cha Gracia ndani ya muchezo kitachukuliwa leo usiku kama hakina nyumba. Gracia alikata miti na kuchimba udongo peke yake, maana wanaume walisema wao ni wa majoka. Mbao zilitosha. Leo gala lilikutwa tupu.

Mama Hortense alieleza kwamba funguo alimupa katibu kwa kuwa ni mutu muzima, na hatarudia.

Katibu alieleza kwa utaratibu. Hakuna pori ambamo mutu anakata muti bila kumusalimia mwenye inchi. Yeye mwenyewe, wakati wa vita ya kwanza, alipita mapori ya Kiambi, wenye silaha mbele na nyuma, na kwa salamu tu alitoka na mbuzi wawili ambao hakuingia nao. Basi alimuendea yule muzee wa ndevu anayesimama mulangoni mwa pori la muchezo, akamupa mbao zote kuwa haki yake. Muzee alipokea, akasema: «Karibu, mugeni.» Katibu alizidi kumusalimia asubuhi nzima, na kila mara alijibiwa vilevile, kwa adabu.

Guelord alisema: «Mujomba, yule ni mashini, hakuna mutu anayemuchezesha. Hata ukimupelekea bibi, atamupokea na kusema karibu, mugeni.»

Mwenyekiti alimuonya, maana huyo bibi ni mama ya katibu. Kicheko kilichukua muda.

3. KIWANJA
Mwenyekiti alipendekeza Gracia avumilie, atafute kiwanja kingine. Gracia, anayefagia hapa cyber na kulala kwenye kambi ya wakimbizi ya Katanika chini ya shitingi ya plastiki tangu nyumba yao ya Kiambi ichomwe, alisema: «Nimekimbia mara moja. Ndani ya muchezo sihami. Na musimucheke Papa Zahoro. Tangu nifike Kalemie, yule muzee wa mashini njo peke yake ameniambia karibu.»

Mwenyekiti aliondoa pendekezo lake.

4. AZIMIO
Wote wakate miti sasa hivi, wa majoka na wasio wa majoka. Katibu akate nusu ya miti peke yake, na amekatazwa kumusalimia mutu yeyote porini. Katibu alipinga, akiwa peke yake.

KUFUNGA
Maneno yaliisha saa kumi, kazi ikaanza. Jenereta ilipokohoa, Mama Hortense alitoa mafuta ya pikipiki yake bila kuombwa. Nyumba ilisimama kabla ya giza. Katibu alikuwa wa kwanza kupiga hodi. Gracia aliandika kwenye ekra ya kompyuta: «Karibu, mugeni.»

Katibu aliitika kwa salamu. Pale hapakuwa porini.

Mwenyekiti: Rachidi
Katibu: Zahoro, muua joka