Konzi ya Mbegu kwa Mke Mwenza

Mjukuu wangu Salma,

Hapa mtaani Rashidiya tu wazima, alhamdulillah, ila joto na miguu vimenichosha. Hata ngazi za kwa mama yako, mtaa wa Al Twar, sizipandi tena. Dada yako Asha hajambo, ingawa najua hamsemezani.

Umeniuliza, huko Uholanzi mnakotunza mbegu za bangi za asili, wazee wetu walifanyaje zisipotee. Mama yangu akiilima shambani kwetu. Kila mavuno alipeleka konzi ya mbegu kwa mke mwenziwe, Bi Zuhura, aliyekaa ng'ambo ya kilima. Hawakuwa wakisalimiana. Aliziacha mlangoni, akarudi.

Mwaka mmoja jirani alipanda mbegu ngeni, upepo ukaleta unga wa maua yake. Msimu uliofuata mimea yetu ilitoka na harufu nyingine. Mama alisugua jani, akanusa. Kisha akanishika mkono tukaenda kwa Bi Zuhura.

"Umefuata zako?" akauliza yule, bila salamu.

"Zetu," mama akamjibu.

Akatutolea kibuyu kimejaa mbegu zile za zamani.

Zaidi ya hayo sijui, mwanangu. Ukija kututazama usibebe hata punje moja. Huku kwa Waarabu wanakagua mpaka pindo la nguo, nami sina tena nguvu za kusimama mlangoni mwa jela.

Khalas, mkono umechoka. Asha haniulizi habari zako. Lakini nikisoma barua zako kwa sauti, husogeza kiti karibu.

Bibi yako,
Fatma