Kahawa Shavuni mwa Mzee Kakuru

Jumanne, Machi 1991. Mvua tangu asubuhi, bati linapiga kelele, na mimi nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Daktari ndiye aliyenikasirisha. Kijana wa Bukoba, viatu vinang'aa hata kwenye tope la Karagwe. Vyeti anavyo, shikamoo hana. Mimi niliishia darasa la saba, sawa. Lakini kulaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi nilijifunzia vitani, nikafanya tena Mwanza, na Kampala nimefika mara mbili. Niliowalaza wote waliamka, isipokuwa wale ambao Mungu aliwataka mwenyewe.

Leo tulimpasua mzee Kakuru wa Isingiro, tezi dume. Mkojo ulimziba, miezi mitatu anatembea na mpira. Nikamchoma sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, yeye yuko macho ananisimulia ng'ombe wake. Kazi safi.

Daktari akachelewa kumaliza. Tezi kubwa, damu nyingi, ganzi ikaanza kuisha, mzee akaanza kuguna. Daktari akaamuru nusu kaputi, haraka. Nikamwambia asubiri, nimtazame kinywa kwanza.

"Kazi yako ni kulaza watu, si kufikiri," akasema, mbele ya manesi.

Nikatazama hivyo hivyo. Shavu la kushoto, kahawa ya kutafuna, punje mbili. Zingemteleza kooni akiwa amelala, sasa hivi tungekuwa tunatafuta shuka la kumfunika. Nikazitoa kwa kidole, nikamvalisha kinyago, akalala. Saa nane ameamka, anaomba maji.

Hapo ningepaswa kuringa. Ningeringa wiki nzima.

Lakini Daktari alizibeba zile punje kiganjani mpaka barazani, kwa mke wa mzee. Mama wa watu akapiga magoti kusalimia, yeye hakuitikia. Akamfokea kwamba amemlisha mgonjwa aliyekatazwa kula, alitaka kumwua, na asikanyage wodini mpaka mumewe atoke. Watu wote wanasikia.

Mama akanigeukia mimi. "Baba, sikumpa kitu. Hata maji."

Nikamwambia pole.

Pole!

Basi nikuambie wewe shajara, maana huna mdomo. Kahawa ile ilikuwa yangu.

Asubuhi nilimkuta mzee anatetemeka kitandani. Huku kwetu mtu humpokei mikono mitupu, unampa kahawa ya kutafuna. Nikatoa punje mbili mfukoni, nikamwambia, mzee, hizi utatafuna tukimaliza, leo hufi. Akacheka, kutetemeka kukaisha. Nikaondoka najiona bingwa. Sikukumbuka kwamba gauni la upasuaji halina mfuko. Heshima niliyompa angeiweka wapi?

Na kinywa nilitakiwa kukikagua kabla hata ya sindano. Sikukikagua. Nilikuwa nawasimulia manesi habari za Kampala.

Daktari ni mshenzi, hilo sifuti. Ila leo mshenzi alimfokea mtu asiye na kosa, na mwenye kosa alikuwa amesimama pembeni anakunja kinyago.

Kesho kabla ya raundi nitamfuata Daktari nimwambie. Ataniita darasa la saba, na safari hii nitanyamaza.

Kutoka dirishani namwona mama. Yuko nje ya geti, kanga kichwani, ameikumbatia sufuria ya ndizi isiingie mvua.

Kwa nini nimeandika kesho?