Mbuzi wa Baluku Wangeamka Jioni

Biira, mwenzangu,

Jumapili nilikuja Bwera kukuona, nikakuta umezikwa wiki mbili nyuma. Nilikuwa nimebeba maneno mengi kutoka Katwe. Sina pa kuyapeleka, ndiyo maana naandika.

Mwezi uliopita nilipeleka chumvi Kyarumba kwa mama mmoja anayekamua ndizi za pombe kama wewe. Alikuwa ametupa makapi nyuma ya jiko, jua likayapiga siku tatu, yakachacha yenyewe. Mbuzi wake wakayala. Wakaanza kuyumba, wakaanguka, mate yanawatoka. Nikapiga kelele kwamba wamelishwa sumu. Yule mama akaendelea kuchambua maharage yake. "Wamelewa," akasema. "Waache walale." Jioni wakaamka wenyewe, wakaenda kutafuta maji.

Biira, nilikaa chini pale pale.

Niliwaona tena mbuzi watano wa shemeji yako Baluku, wamelala uani kwako vile vile, miaka kumi iliyopita. Wiki ile nilikuwa nimegombana naye, kwa sababu mbuzi hao walikula maharage yangu. Basi macho yote yakanigeukia. "Mwanamuke huyu ametoka Congo na sumu yake," alisema Baluku. Askari akakuuliza wewe, maana nilikuwa naishi kwako. Ukatazama chini. Ukasema, "Sikuona kitu, afande."

Watu wakawakata mbuzi kwa panga wakiwa bado wanapumua, wakawachoma moto, mbwa wasije wakala sumu. Ulisimama kando yangu, Biira. Ulijua.

Siku hiyo hiyo nikaambiwa niondoke. Nilishuka Katwe na mtoto mgongoni, nikaanza kukata chumvi ziwani, na mpaka leo mikono yangu iliyoliwa na chumvi haijapona.

Wewe ndiye uliyenipokea nilipokimbia vita upande wa Butembo, sina hata sufuria. Ulinipa jiko lako nilale. Tulikamua ndizi pamoja kwa nyasi, nami nikawa naonja kila mara, ukacheka. "Kavira, utaimaliza kabla haijawa pombe." Nani mwingine aliyenichekea hivyo katika nchi hii?

Binti yako Masika ameniambia yote. Asubuhi ile uliwakuta mbuzi wamezamisha vichwa kwenye makapi. Ukawafukuza, ukayafukia kwa jembe kabla watu hawajafika. Ukamwambia anyamaze. Uliogopa Baluku angemshawishi mumeo akurudishe kwenu.

Hofu hiyo naielewa. Lakini wewe ulikuwa na kwenu pa kurudishwa. Mimi sikuwa na pa kwenda.

Na ile siku sokoni, uliponiona na chumvi yangu ukapita upande wa pili? Nilidhani unaniogopa, kwamba na wewe umeamini mimi ni muuaji. Nilikuonea huruma. Huruma hiyo ndiyo inayoniuma kuliko kufukuzwa.

Jumapili ile ile nilikwenda na Masika kwa Baluku. Amezeeka, macho hayaoni vizuri. Masika alimweleza akilia. Mzee akauliza jambo moja tu.

"Wangeamka?"

Nikamwambia, jioni.

Akainama. Halafu akamtuma mke wake aniletee kiti. Nilikaa, Biira, uani kwa Baluku, watu wanapita njiani wananiona.

Masika aliniomba niseme nimekusamehe, ili upumzike. Sikuweza kumdanganya mtoto, amedanganywa vya kutosha. Sijakusamehe. Lakini nakuahidi hili: kila nikileta chumvi Bwera nitapita kaburini kwako, nitauuliza moyo wangu. Siku moyo utakapokubali nitakuambia kwa sauti, na hakuna atakayesikia kabla yako.

Kwa leo moyo umekataa.

Kwa heri, dada yangu. Pumzika utakavyoweza.

Kavira