Posa ya Cherehani

Jumapili, 5 Januari 2025

Mvua tangu alfajiri. Misa nilikwenda na Octavian mwanangu na mkewe, Mutale. Mutale hazijui nyimbo zetu, anafuata midomo ya watu tu — lakini ana sauti huyu mtoto! Kutoka nje watu wanamsalimia, najibu mimi. Hajambo, hajambo, anazoea polepole. Octavian akanitazama. Sikumjali.

Mezani Octavian kasema jambo likanitoa hamu ya kula. Dada yake Mutale amefungua chumba cha kushonea huko kwao Ndola, Zambia, anamtaka wakashone pamoja. Mutale ni fundi cherehani, amejitegemea tangu usichana. Hapa Tabora anashinda akichambua mchele wangu. Januari ikiisha hajapata kazi, wanahama. Wote wawili!

Nikasema sawa, ni maisha yenu. Uongo mtupu. Nikaenda jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi.

Tangu baba yake Octavian atutoke hadi hawa walipokuja, humu ndani niliongea na redio. Siwezi kurudi huko.

Jumatatu, 6 Januari

Nimeanza upya kumfundisha Mutale Kiswahili. Nimefundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu — nishindwe na mtu mzima mmoja? Nasema, anarudia. Nauliza bei, naitaja bei mwenyewe. Anaelewa karibu yote. Kusema ndiyo kazi: neno anakuwa nalo, analizungukazunguka, halitoki. Basi namsaidia.

Akapita mama mmoja na beseni la uyoga. Mutale akaruka kama kaona ndugu yake! Kumbe huko kwao misitu ni hii hii ya miombo, uyoga huu huu. Tukapika kwa karanga, kama kwao. Na kama kwetu, nikamwambia.

Ananiita mayo. Mwanzoni nilidhani Octavian kamfundisha Kinyamwezi ili kunipaka mafuta. La, hata kwa Kibemba mama ni mayo. Alikuja nalo mwenyewe kutoka kwao. Kila akiniita nafurahi, ila simwonyeshi.

Jumatano, 8 Januari

Leo nimejiaibisha.

Nilisikia Bi Asmahani, yule mshona sare wa huku kwetu Isevya, amezidiwa. Shule zinafunguliwa Jumatatu, vitambaa vimejaa mpaka mlangoni. Nikasema hapa ndipo. Nikavaa kanga mpya, Mutale nikamvika kipande chake cha pili. Nikamkamata jogoo wangu mwekundu, nikamfunga miguu. Mtu haendi kuomba mikono mitupu.

Tukafika, tukakaribishwa. Nikaanza na salamu, nikataja ukoo wetu, nikasema nimekuja na binti yangu, tabia yake hivi, wazazi wake watu wa hivi. Mutale kainamisha macho, nilivyomwelekeza. Bi Asmahani akamuuliza amewahi kushona sketi za marinda. Nikajibu ndiyo. Akamuuliza anatumia cherehani gani. Nikajibu ya miguu na ya umeme. Akamuuliza jina lake — nikajibu mimi!

Bi Asmahani akaweka mkasi chini. Mama Octavian, akasema, umeniletea fundi au umekuja kuposa? Mafundi wakacheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Na jogoo naye akawika, mpumbavu yule.

Ni kweli, nilikwenda kama mshenga. Ndivyo nilivyolelewa: mwali hajisemei mbele ya wageni, mkubwa wake ndiye humsemea. Lakini nani amesikia mwali wa cherehani?

Bi Asmahani kampokea jogoo. Kisha akamgeukia Mutale mwenyewe, taratibu: aje kesho, aje peke yake. Atamtazama mpaka Jumatatu, jioni atampa jibu. Mimi nibaki nyumbani.

 

Alhamisi, 9 Januari

Kaenda. Nyumba kimya. Mchele nimechambua mwenyewe, nikaula na mawe yake.

Ijumaa, 10 Januari

Karudi macho mekundu. Mteja kamcheka anavyoongea. Anaanza kunisimulia: “Yule mama alisema... alisema mimi...” Anatafuta neno. Nikalisema mimi. Akaanza tena, nikamalizia tena. Akaniambia asante mayo, akaingia chumbani kwao.

Octavian akanivuta ukumbini. Mama, akasema, Mutale akikwama kidogo unamsemea. Sokoni unamsemea. Kanisani unamsemea. Hayo maneno atayatumia lini?

Nikamjibu kwa hasira kwamba mimi ndiye niliyemfundisha yeye kusema. Akasema ndiyo mama, lakini mimi uliningoja.

Nimeumia. Nimeumia kwa sababu ni kweli. Nimekuwa nikimshika mkono mtu ili asiondoke, kumbe nimemziba mdomo.

Jumapili, 12 Januari

Leo nimenyamaza makusudi. Jasho! Kwenye chai Mutale kasema habari ya kaka yake aliyeanguka mtoni na baiskeli. Kachukua muda, chai ikapoa. Nimeitafuna kanga yangu lakini sikumwingilia. Mwisho tumecheka wote watatu. Mbona sikuwahi kujua kwamba anachekesha?

Jumatatu, 13 Januari

Nilisema siendi. Nimeenda.

Si kwa Bi Asmahani — duka la Mabruki, ng'ambo ya barabara, anauza uzi na vifungo. Nikajibanza nyuma ya mabunda ya uzi. Shikamoo mama, akasema Mabruki, unanunua uzi au uko doria? Marahaba, nikamwambia, na unyamaze.

Adhuhuri Bi Asmahani kaenda kuswali, wale wengine wamekwenda kula. Mutale kabaki peke yake. Ndipo akaja mama mmoja, mkali kama pilipili. Sketi ya mwanawe haijaisha! Wenzake wako darasani, mtoto yuko nyumbani analia, kila siku njoo kesho, njoo kesho! Barabara nzima inasikia.

Mutale kafungua mdomo. Hakuna kitu. Kafungua tena.

Mimi maneno ninayo yote! Dada yangu pole, dada yangu kaa kitako, fundi mwenyewe anarudi sasa hivi. Yamenijaa mdomoni. Mguu mmoja tayari uko barabarani. Na Mutale akainua macho — akaniona. Ameniona! Ananitazama vile anavyonitazama siku zote akikwama.

Nikageuza uso. Nikashika kibunda cha uzi wa bluu nikakiangalia kama sijawahi kuona uzi. Mungu anisamehe. Sijafanya jambo gumu hivi tangu mazishi ya baba yake Octavian.

Halafu nikasikia kigoda kinaburutwa, na sauti ya Mutale kwa yule mama: “Samahani, mayo. Kesho hapana. Kaa hapa. Nashona sasa, wewe unaona.” Na cherehani ikaanza.

Yule mama alikaa! Akajipepea na kitenge, akaendelea kunung'unika, lakini alikaa. Nilipochungulia tena walikuwa wameinamia marinda wote wawili, yule mama anaonyesha kwa kidole. Nikaondoka kwa uchochoro wa nyuma.

Sasa ni jioni. Michembe ya viazi vitamu vikavu imeiva, karanga nimekaanga. Jibu la Bi Asmahani limeshatoka, sisi tu hatujui. Octavian anazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Naandika ili mikono yangu iwe na kazi.

Geti limelia. Ni yeye. Kasimamishwa na Mama Silasi, jirani yetu — haya, mgeni wetu, kazi umepata? Mama Silasi hana breki.

Mutale analitafuta neno, nasikia kabisa anavyolitafuta. Nilikuwa nimeshasimama, kalamu mkononi. Nimekaa tena.

Mama Silasi anangoja. Na mimi nangoja.